Jinsi mizimu ya Menengai inavyoweza kugeuzwa kanuni za mchezo wa dadu

WAKAZI wa Nakuru wamezoea kuambiwa kwamba kreta ya Menengai si mahali pa kuchezewa. Wagikuyu huiita Kirima kia Ngoma, na asiyejua lugha hiyo asidhani ni ngoma ya kupigwa: ni mlima wa mizimu. Masimulizi ya Wamaasai nayo yasema mashujaa wa Ilaikipiak walioshindwa vitani katika karne ya 19 walitupwa humo, na mvuke unaofuka ni roho zao zikitafuta njia ya kwenda mbinguni.

Nguvu ya aina hii, inayofungamana na mahali, si ngeni kwa watunzi wa riwaya za uchawi. Katika hadithi za Mmarekani Larry Niven, ambazo ya kwanza ilitoka mwaka wa 1969, kila eneo lina akiba yake ya uchawi, nayo huisha ikitumiwa mno.

Wabunifu wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ambamo wachezaji husimulia kisa na dadu huamua matokeo, waliligeuza wazo hilo kuwa hesabu. Katika GURPS, mchezo wa Kimarekani uliotolewa mwaka wa 1986, maeneo hupewa viwango vya nguvu. Mchezaji hurusha dadu tatu na hufaulu iwapo jumla haizidi ustadi wa mhusika wake. Mwenye ustadi wa 12 hufaulu takriban mara 74 kwa 100. Katika eneo hafifu hupunguziwa alama tano, akabaki na mara 16 tu. Penye nguvu nyingi, hata asiyezaliwa na kipawa huweza kuroga, mradi amejifunza.

Tuseme basi mji wa Nakuru ni eneo hafifu, na sakafu ya kreta ni eneo la nguvu nyingi. Mhusika hana budi kuteremka mita zaidi ya 400 hadi kwenye mawe makali ya volkano, na safari hiyo pekee yatosha kuwa kisa.

Hata hivyo, kanuni hiyo hulifanya eneo kuwa kama soketi ya umeme. Menengai ina wenyewe, na waumini wangali wanaingia mapangoni humo kufunga na kuomba. Mwendeshaji makini wa mchezo ataongeza sharti: nguvu iombwe, na anayeipewa abebe deni, labda ujumbe wa shujaa mmoja kwa wazao wake. Asipolipa, mvuke humfunika na njia ya kupandia humpotea. Adhabu hiyo haihitaji kubuniwa, kwani wenyeji husimulia visa vya watu waliopotelea humo kwa saa nyingi, wasijue walikopita.