Mwanagenzi katika Nyumba ya Kariakoo
Sehemu ya pili: kutoka barazani hadi uani

Desturi ya kumlaza mtu wa kujitolea katika familia ya wenyeji wakati wa mafunzo haikuwapo tangu mwanzo. Kundi la kwanza la Peace Corps, shirika la kujitolea la Marekani, lililokuja Tanganyika mwaka 1961, la wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia, lilifundishwa Texas na Puerto Rico, likapitia Tengeru karibu na Arusha, kisha likaenda kazini. Shirika hilo liliondoka nchini mwaka 1969, likarudi mwaka 1979, na kwa miaka mingi sasa wanagenzi wake hukaa majumbani mwa watu katika miji kama Muheza. Dar es Salaam yenyewe hupokea vijana wa mipango mingine, kama weltwärts ya Ujerumani iliyoanza mwaka 2008.

Anayepangiwa familia maeneo ya Kariakoo, jijini humo, hukuta mtaa ambao Wajerumani waliupima kwa mistari iliyonyooka, magharibi ya Mnazi Mmoja, uwe makazi ya Waafrika. Nyumba iliyokuwa imeenea humo ni ile ya vyumba sita: vitatu kila upande, ukumbi katikati, baraza mbele, ua nyuma. Mpangilio huo wenyewe ni mtaala, na mwanagenzi huupita kwa hatua.

Barazani ndipo anapopimwa. Shikamoo kwa wazee si ya hiari, na mgeni anayepita kimya kwa kuona haya huhesabiwa mwenye majivuno. Kosa la kisarufi huchekwa na wote, yeye mwenyewe akiwamo, na likasahaulika. Habari ya kupita bila salamu hufika kwa mama mwenyeji kabla mwanagenzi mwenyewe hajafika ndani.

Ukumbini kuna jambo ambalo wakufunzi hulitaja kwa haraka mno. Mara nyingi mwenyeji ndiye mwenye nyumba, naye hutumia vyumba viwili au vitatu, vilivyobaki vina wapangaji. Mwanagenzi huitwa mwanangu na mama mmoja tu, lakini huishi na kaya kadhaa. Pazia la mlango, hata likiwa jepesi, ni mlango: hupigwa hodi, na pasipoitikiwa mtu huondoka.

Uani ndiko kwenye mafunzo hasa. Huko kuna jiko, bafu, choo na ndoo za maji, na kila kimoja kina zamu yake. Asubuhi hakuna anayengojwa. Kijana wa kiume hukohoa au huita kabla ya kutokeza, kwa kuwa ua ni mahali pa wanawake kupikia, kufulia na kusukana. Kiswahili cha hapo hakipunguzwi mwendo kwa ajili ya mgeni, na pengine ndiyo sababu humwingia upesi kuliko cha daftarini. Chakula huliwa kwa sinia, baada ya kunawa. Kusema ameshiba mapema, ingawa ni kweli, huweza kuchukuliwa kuwa chakula hakikumpendeza.

Kutumwa sokoni ni dalili ya kuaminiwa. Anayekwenda kununua nyanya au dagaa hupewa bei ya kutajia, kwa sababu muuzaji akiiona sura ya mgeni hupandisha. Akirudi na chenji sawasawa, kesho hutumwa tena.

Liko suala la fedha. Mashirika mengi huilipa familia posho ya chakula na malazi, na hilo si siri mtaani. Uhusiano huharibika pale mwanagenzi anapojiona mteja aliyelipia huduma, au mwenyeji anapomfungia chumbani kama mpangaji wa thamani. Posho inayokabidhiwa na ofisi moja kwa moja, bila kupitia mkononi mwa kijana, hupunguza mashaka hayo.

Nyumba hizo zinapungua. Tangu biashara ilipolegezwa miaka ya 1980, Kariakoo imekuwa ikibomolewa na kujengwa maghorofa, maduka chini na familia juu. Baraza haipo, sebule ina televisheni, na chumba cha mgeni kina kitasa. Kijana anaweza kumaliza mafunzo bila kumjua jirani wa mlango wa pili. Kwa familia za namna hiyo mkufunzi hulazimika kupanga waziwazi yale ambayo ua uliyafanya bila kupangwa: saa za kupika pamoja, ziara kwa ndugu wa Temeke au Buguruni, na siku ya kwenda sokoni na mama mwenyeji.