Msinuniane kwa Sababu ya Tundu la USB

Kompyuta ya mezani ya kuunganisha wenyewe ni tamu kwa mfuko, ila ikianza visa, kazi mnayo! Yetu ilipokataa flashi na printa, mwenzangu aliilaumu flashi yangu, mimi nikailaumu printa yake. Fundi naye akataka tubadilishe madabodi, na hela iliyokuwepo ni ya kodi ya nyumba. Tukakubaliana: tupime kwanza.

Chomeka kifaa kilekile mbele, kisha nyuma. Matundu ya nyuma yamekaa kwenye madabodi yenyewe; ya mbele yameunganishwa nayo kwa waya. Nyuma ikikubali na mbele ikagoma, zima, chomoa umeme, fungua kava uukague huo waya. Wetu ulikuwa umelegea tu!

Yote yakigoma je? Zima, chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15 ili umeme uliobaki uishe, halafu washa upya.

Angalia na mzigo. Tundu la kawaida la USB 2.0 limepangiwa miliampia 500, la USB 3.0 ni 900. Hadidiski ya nje ikitaka zaidi, itakatakata. Itafutie habu yenye umeme wake.

Hata matundu yakifa kweli, kuna kadi ya USB ya kuchomeka ndani, na kwa kawaida ni nafuu kuliko madabodi.

Kwa hiyo wapendanao, kabla ya kulaumiana, mmoja ashike tochi, mwingine bisibisi.