Uvimbe Usiouma

Katika nchi zilizoendelea sana, mwanamke 1 kati ya 12 hupatikana na saratani ya matiti katika maisha yake, na 1 kati ya 71 hufa kwa ugonjwa huo. Katika nchi zilizo nyuma kimaendeleo, wanaogunduliwa ni 1 kati ya 27 tu, ila wanaokufa ni 1 kati ya 48. Takwimu hizi za Shirika la Afya Duniani (WHO) zinatisha zaidi ukizipigia hesabu: kule, ugonjwa unaua takribani mmoja kati ya kila wagonjwa sita, huku, unaua zaidi ya nusu yao.

Na hao wachache wanaogunduliwa wanaongezeka. Rejista ya saratani ya Kampala, miongoni mwa rejista kongwe barani Afrika, imeonyesha ugonjwa huu ukipanda kwa miongo kadhaa. Wanawake wanaishi miaka mingi zaidi, wanazaa watoto wachache na kwa kuchelewa, wananyonyesha kwa muda mfupi, uzito unaongezeka. Hakuna la kulaumiwa katika maisha hayo. Ndivyo miji inavyokua.

Vifo ni habari nyingine. Utafiti wa saratani ya matiti uitwao ABC-DO uliwafuatilia wagonjwa wa Uganda, Zambia, Nigeria, Namibia na Afrika Kusini, na baada ya miaka mitatu takribani nusu yao tu walikuwa hai. Mfano wa Namibia unauma: wanawake wasio weusi walionusurika walikaribia asilimia 90, weusi hawakufika 60. Nchi ni hiyohiyo moja, ugonjwa ni huohuo mmoja. Kwa hiyo anayetaka kueleza vifo hivi kwa damu au asili ya mtu peke yake ana kazi kubwa, kwa sababu watafiti walikuta sehemu kubwa ya tofauti ikitokana na hatua ambayo ugonjwa ulikuwa umefikia ulipogunduliwa na matibabu aliyopata mgonjwa.

Ucheleweshaji huanza mapema. Uvimbe wa saratani kwa kawaida hauumi mwanzoni, na mama mwenye shamba, duka na watoto haendi zahanati kwa kitu kisichouma. Akienda, huenda akaambiwa ni jipu au maziwa yaliyoganda, akapewa dawa ya kuua vijidudu na kurudishwa nyumbani. Baadaye inakuja rufaa, nauli, kisha wiki za kusubiri majibu ya kinyama kilichochukuliwa kwenye titi. Nchini Tanzania, wengi wa wanaofika hospitali wako tayari katika hatua ya tatu au ya nne.

Mashine za mamografia, yaani eksirei ya matiti, si lazima ziwe mwanzo wa suluhisho. Huko Burera, Rwanda, kilipo kituo cha saratani cha Butaro kilichofunguliwa mwaka 2012, wauguzi wa vituo vya afya walifundishwa kuchunguza matiti kwa mikono na kujua nani apelekwe mbele haraka. Wanawake waliofikishwa kwenye uchunguzi wakaongezeka.

WHO nayo imeweka shabaha tatu zinazopimika: angalau asilimia 60 ya saratani zilizoanza kupenya tishu za jirani zigunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, majibu yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na asilimia 80 wamalize matibabu. Ya pili ndiyo ya kuanzia, kwa kuwa haimtegemei mgonjwa: maabara ya patholojia, mtaalamu wake na usafirishaji wa sampuli ni wajibu wa serikali.