Kumfuta Daktari Hakumalizi Mgomo

Wiki jana nimeulizwa tena, safari hii matangani, na mzee ninayemheshimu: "Mwanangu, kwa nini gavana asiwafute wote, aajiri wengine?" Kila mgomo wa hospitali za kaunti unapoanza, swali ni hilohilo. Nimelijibu kwa upole kwa miaka mingi. Leo nalijibu kwa kirefu, kwa sababu wakati tunaupoteza na wagonjwa ndio wanaoumia.

Dawa hiyo imekwisha kujaribiwa. Machi 2012, kabla kaunti hazijazaliwa, serikali ilitangaza kuwafuta wahudumu wa afya 25,000 waliokuwa wamegoma. Muda si muda ikawarudisha, maana wodi hazikuwa na mtu. Kisha ukaja mgomo wa madaktari wa siku 100, ulioanza tarehe 5 Desemba 2016. Februari 2017 viongozi saba wa chama chao, KMPDU, walifungwa jela kwa kudharau amri ya mahakama. Mahakama ya Rufani ikawatoa baada ya siku mbili, na mgomo ukaendelea kwa karibu mwezi mzima.

Ulipokwisha, tukaambiwa madaktari 500 watatoka Tanzania. Rais Magufuli alikubali, mahakama ya hapa ikazuia, na Aprili Tanzania ikawaajiri yenyewe 258 kati ya waliokuwa wameomba kuja. Juni 2018 wakaja Wacuba 100, wakagawanywa katika kaunti 47. Piga hesabu hiyo mwenyewe: ni kama wawili kwa kila kaunti. Wawili hao hawawezi kuendesha hospitali ya rufaa usiku na mchana. Aprili 2019 wawili kati yao walitekwa nyara Mandera, na 2023 serikali ikatangaza mwisho wa mpango huo.

Wapo wanaonitajia Marekani, kwamba mwaka 1981 Rais Reagan aliwafuta waongoza ndege zaidi ya 11,000 na dunia haikuanguka. Kweli aliwafuta. Lakini alikuwa na wasimamizi na wanajeshi wenye ujuzi wa kuziba pengo, na hata hivyo ilichukua miaka kuijaza nafasi ya waliotoka. Kwetu daktari husoma miaka sita, kisha anafanya mwaka mmoja wa unagenzi kabla ya kuachiwa wagonjwa peke yake. Bingwa huongeza miaka mingine. Gavana atamtoa wapi daktari wa kupasua kufikia Jumatatu?

Tuseme amempata. Huyo mpya naye anaingia chini ya mkataba uleule wa pamoja uliomtoa mwenzake kazini, kwa malipo yaleyale yasiyofika. Mkataba wa pamoja, yaani ule wa chama na mwajiri, haumfungi mtu mmoja tu. Ukishasajiliwa na Mahakama ya Ajira na Leba, unaingia katika ajira ya kila mtu wa kada hiyo. Ukimfuta Otieno ukamwajiri Mwanaisha, deni limebaki palepale.

Na deni ndilo shina la haya yote. Juni 2013 Wizara ya Afya ilitia sahihi mkataba na KMPDU. Agosti mwaka huohuo huduma nyingi za afya zikahamishiwa kaunti. Aliyetia sahihi akawa mmoja, anayelipa akawa mwingine, na magavana wakasema hawakuwapo mezani. Likaja kundi la tatu, Tume ya Mishahara na Marupurupu, lenye kauli yake juu ya kiwango. Wauguzi nao wakakwama hapohapo mwaka 2017, wakagoma karibu miezi mitano. Mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, ulidai utekelezaji wa mkataba mwingine, wa 2017! Miaka saba. Moja ya mizozo ilikuwa malipo ya wanagenzi: mkataba unasema takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikatoa 70,000.

Kwa hiyo nikisikia kwamba chama "kimeiteka kaunti", nauliza chama kina nini zaidi ya karatasi ambayo serikali yenyewe iliitia sahihi. Na gavana anayelia kwamba mishahara imepita asilimia 35 ya mapato, kikomo kilichowekwa na kanuni za fedha, atuonyeshe orodha nzima ya aliowaajiri, si ya madaktari peke yao.

Cha kufanya kipo. Magavana wakae mezani pamoja na wizara kabla ya sahihi, si baada yake. Tume itoe kauli yake mapema. Mkataba usajiliwe mahakamani. Malimbikizi yapangiwe tarehe na kiasi. Orodha ya watakaobaki zamu ya dharura na ya uzazi ikubaliwe wakati wa amani. Mkataba wa kurejea kazini upelekwe kwenye bunge la kaunti, wawakilishi wadi wafuatilie kila robo ya mwaka.

Mzee wangu, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya Aprili kwisha, na wananchi huitwa kutoa maoni. Nenda siku hiyo. Omba uonyeshwe ukurasa wenye pesa za mkataba wa madaktari, na usipokuwapo, simama uulize ni kwa nini.