Vitu Vinavyopangwa Kufuata Njia: Kosa Litafutwe Wapi?

Mwanachuo anayejifunza kuchora ramani kwa kompyuta huenda akapatwa na taabu ya namna hii. Amechora njia ya kuingilia shuleni yenye urefu wa mita 60. Anaiamuru programu iweke mti kila baada ya mita 5, naye anatazamia miti 12. Kwenye kioo inatokea 13. Siku nyingine inatokea minne tu, kisha inakoma penye kona. Au inatokea yote, lakini kando, mbali na njia, na mingine imelala ubavu. Hapo hufuta kazi yote na kuanza upya, na kosa lile lile humrudia.

Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba kompyuta haikukosea, na kwamba makosa hayo ni ndugu wa yale tunayoyasahihisha kwa wino mwekundu katika madaftari ya watoto.

Tuanze na miti 13. Mita 60 zikigawanywa kwa 5 hutoa nafasi 12. Lakini nafasi si miti. Mti wa kwanza husimama mwanzoni kabla ya nafasi yoyote kupimwa. Mtoto anayejibu 12 amegawanya sawasawa. Alichokosa ni kujua amehesabu nini. Mwalimu mwenye haraka humwambia, "Ongeza moja," kisha akaendelea na swali linalofuata. Sisi twaona dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Juma la pili swali litahusu bustani ya duara yenye mzingo wa mita 60, na mtoto mtiifu ataongeza moja tena, ilhali katika duara mwisho wa njia ndio mwanzo wake, na miti ni 12. Tena, kama kila ncha ya njia ina nguzo ya lango, miti ni 11. Katika programu ya AutoCAD, amri ya kugawanya mstari katika sehemu 12 huweka alama 11, kwa kuwa haiweki alama kwenye ncha. Yafaa watoto watoke nje na vigingi na kamba; mmoja ahesabu vigingi, mwenziwe ahesabu nafasi, kisha wabishane.

Miti iliyokoma penye kona ina sababu nyepesi. Mistari miwili imegusana kwa macho tu, haijaunganishwa, na programu hufuata ule mmoja uliochaguliwa. Iunganishwe kwanza iwe njia moja. Vilevile iangaliwe ncha ya kuanzia, ambayo ni ile iliyo karibu na mahali tulipobofya. Njia ikiwa ya mita 62, zile mita 2 za baki huachwa upande wa mwisho. Asiyependa baki aiagize programu igawe njia yote sawasawa kwa idadi ya miti, wala asitaje umbali.

Kuhusu miti iliyo kando, kila kitu kina nukta yake ya kushikia. Nukta hiyo ikiwa mbali na mchoro wa mti, ndiyo itakayokaa njiani, na mti utabaki pembeni. Darasani hutokea hivyo hivyo pale mtoto mmoja anapopima kutoka ukingo wa dawati na mwingine kutoka katikati. Iliyolala ubavu imegeuzwa ili ifuate mwelekeo wa njia. Agizo hilo hufaa mabenchi, na kwa miti huondolewa.

Limebaki jambo la njia iliyopinda, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Kompyuta hupima umbali kwa kufuata mpindo wenyewe. Mtoto huvuta kamba ikanyooka. Chora uwanjani nusu duara kwa kamba ya mita 7 iliyofungwa kwenye kigingi cha katikati. Urefu wa mpindo wake ni kama mita 22. Sasa watoto wachukue kamba ile ile, waivute kutoka ncha moja ya mpindo, wapige kigingi inapokutana na mstari, wavute tena. Kwa hatua tatu kamili watafika ncha ya pili, nao watasema njia ni mita 21. Waulize ile mita moja imekwenda wapi, wala usiwajibu siku hiyo.