Matraki ndani ya sakoshi: kununua ni rahisi, kutembea nayo njo kuna maneno

Wandugu wahitimu, na ninyi wadogo ambao mungali masomoni, kuna swali moja linanirudia kila wiki kwenye telefone: "Kaka, ile matraki ya kuvutika iko ruhusa? Nikiwa nayo mu sakoshi, nani atanigusa?" Wengi wanaouliza ni wadada wanaotoka masomo ya jioni na kurudi Muhumba wakati SNEL imekata umeme. Siwacheki. Tangu Februari 2025, AFC/M23 ilipoingia Bukavu, gereza kuu lilibaki tupu na bunduki zikatapakaa, na kila anayetembea saa moja ya usiku anayajua hayo bila kusoma gazeti. Basi nijibu mara moja, kwa urefu.

Kitu chenyewe ni mabomba matatu ya chuma, moja ndani ya lingine. Likifungwa lina kama sentimeta 20, unaweza kulificha kwenye mkono wa koti. Ukilirusha kwa nguvu linafunguka, linafika sentimeta 50 mpaka 65. Aina ya kawaida haina kifungio: chuma kinashikana na chuma tu. Ili kulifunga lazima ugonge ncha chini, mahali pagumu. Kwenye matope ya mvua yetu, bahati njema. Tena ukilisukuma mbele kama mkuki linaweza kujifunga lenyewe mkononi mwako. Polisi wa nchi zinazolitumia wanafundishwa muda mrefu kupiga paja na mkono, na kuepuka kichwa, shingo na uti wa mgongo. Sisi tunafundishwa na video ya dakika mbili.

Na hizo video ndizo zinazochanganya watu. Muuzaji anasema kwa Kifaransa kizuri kwamba "ni halali", lakini halali ya wapi? Ufaransa mwenye miaka 18 anaweza kuinunua, lakini kutembea nayo bila sababu inayokubalika ni kosa. Ubelgiji, ambako wengi wetu tuna shangazi na mjomba, sheria ya silaha ya 2006 inaiweka kati ya vitu vilivyokatazwa kabisa. Uingereza, tangu 2021, hata kuiweka nyumbani ni kosa. Kwa hiyo usimwombe shangazi wa Bruxelles akutumie kama zawadi ya lisansi.

Kwetu, sheria kubwa ya silaha ni ile ordonansi-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Ukiisikia ikitajwa, karibu kila mara ni juu ya bunduki na risasi. Kutoka hapo watu wanaruka: "Matraki si bunduki, basi iko ruhusa." Hapo njo sikubaliani. Risiti ya duka si ruhusa ya kubeba. Na anayekusimamisha njiani haulizi uliinunua wapi, anauliza unaenda nayo wapi.

Mimi ni mtu wa kilimo. Nikienda shambani nabeba panga, na tarieri, ile chuma ndefu ya kutobolea udongo, ambayo kwa macho ya askari inafanana na kitu kibaya kuliko matraki yoyote. Napita bariyeri kwa sababu nina ordre de mission, mifuko ya sampuli, buti zenye udongo. Chuma ileile, saa tatu ya usiku, karibu na Feu Rouge, bila karatasi, ingenipeleka mahali pengine. Angalieni pia walinzi wa mageti hapa Muhumba. Makampuni ya ulinzi kwetu hayaruhusiwi kubeba bunduki, kwa hiyo mlinzi anashika fimbo. Lakini yeye ana yuniformu, ana mwajiri, ana geti analolinda. Wewe una nini cha kuonyesha? Kijana mwenye chuma nyeusi iliyofichwa kwenye mkono wa koti, katika mji huu wa sasa, ataitwa jambazi au mpiganaji kabla hajataja jina la fakulte yake. Hiyo hatari, kwangu, ni kubwa kuliko ya kunyang'anywa telefone.

Sasa tuseme umepita salama, na siku imefika, umepiga. Kodi penali yetu haina ibara inayoeleza kujitetea. Mahakama na walimu wa sheria wanakukubali kama kanuni ya jumla, kwa masharti: shambulio liwe la kweli na la sasa hivi, lisiwe na haki, usiwe na njia nyingine, na nguvu uliyotumia ilingane na hatari. Mwizi akishageuka kukimbia na sakoshi yako, shambulio limekwisha. Akishaanguka, limekwisha zaidi. Pigo la pili halina utetezi.

Na hesabu yake ni hii. Ibara ya 46, kupiga na kujeruhi kwa kusudi: siku nane mpaka miezi sita pamoja na amande, au moja tu kati ya adhabu hizo. Ibara ya 47, mtu akipata ugonjwa, akishindwa kufanya kazi au akipoteza kiungo: miaka 2 mpaka 5. Ibara ya 48, akikufa hata kama hukukusudia kuua: miaka 5 mpaka 20. Chuma ya nusu kilo kichwani inatoka 46 mpaka 48 kwa sekunde moja.

Mtu ataniambia: "Parke yenyewe leo iko wapi?" Swali zuri. Lakini kosa la uzito huo haliishi nguvu mpaka ipite miaka 10. Na familia ya marehemu haingoji parke.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi, na hakuna anayeniuliza. Mara nyingi hapa mwizi haendi kwa mtu mmoja, anaangukia watu wengi. Filimbi zinalia, masufuria yanapigwa, mtaa mzima unatoka. Kelele hizo zimeokoa nyumba nyingi Bukavu, nazisifu. Shida inaanza akishakamatwa. Wengine wana mawe, na wewe una chuma mpya ambayo hujawahi kuitumia. Katika giza hilo hakuna atakayejua pigo la nani ndilo liliua, lakini asubuhi kila mtu atakumbuka nani alikuwa na matraki.

Na kwa majambazi wenye bunduki, ambao ndio tunaowaogopa kwa kweli, matraki haisaidii kitu. Inamfanya ashtuke na kufyatua. Mpe telefone.

Mdada aliyeniuliza wiki iliyopita nilimwambia hivi: filimbi, ivaliwe shingoni, isikae ndani ya sakoshi. Tochi ndogo ambayo si ya telefone, kwa sababu telefone ndiyo wanayoitaka. Kutoka masomoni watatu au wanne, na kumlipa motari mmoja mnayemjua, mkigawana. Kama bado unataka matraki ya kuweka nyumbani, muulize kwanza avoka, si muuzaji, na ikae nyumbani.

Kwenye avenyu yetu tumeongeza kitu kimoja. Tumechagua wazee wawili na mama mmoja ambao, filimbi ikilia, kazi yao si kumfukuza mwizi. Kazi yao ni kusimama kati yake na watu mpaka shefu wa avenyu afike. Kama kwenu hamjachagua, ongeeni na shefu wenu Jumapili hii.