Mwenza anatangulia ughaibuni? Ulizeni kwanza mtaungana lini, na kwa njia gani

NDOA nyingi siku hizi zinaishi kwenye simu. Mume yuko Leicester au Hamburg, mke yuko Morogoro au Nakuru, na watoto wanamjua baba kwa picha ya video ya Jumapili jioni. Familia nyingi za aina hii hazikupanga kuishi hivyo. Zilipanga mmoja atangulie, ajipange kwa miezi sita, kisha awavute wenzake. Miezi sita ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka minne.

Mara nyingi si mapenzi yaliyopungua, wala si fedha tu. Kinachokwamisha ni viza, na hasa jambo ambalo halikuulizwa siku ya kwanza: je, viza anayokwenda nayo huyu wa kwanza inamruhusu kumleta mwenza wake?

Kama mpo kwenye mazungumzo hayo nyumbani, haya ndiyo ya kuyajua kabla tiketi haijakatwa.

Viza ya anayetangulia ndiyo inayoamua

Watu wengi huamini kwamba mtu akishaingia Ulaya kihalali, kumleta mume au mke ni suala la kujaza fomu. Sivyo. Kila viza ina masharti yake, na baadhi ya viza zinafunga kabisa mlango wa familia.

Chukua Uingereza. Kwa kozi zilizoanza kuanzia Januari 1, 2024, mwanafunzi anayekwenda kusoma shahada ya kwanza au shahada ya uzamili ya kawaida, ya darasani, haruhusiwi kuandamana na mwenza wala watoto. Wanaoruhusiwa ni wanafunzi wa udaktari wa falsafa, wa uzamili wa utafiti, na baadhi ya wanaofadhiliwa na serikali. Kwa hiyo mama anayeacha kazi Dodoma kwenda kusoma uzamili wa mwaka mmoja, akitegemea mumewe amfuate baada ya muhula wa kwanza, atakuta njia hiyo haipo.

Kazi ya kuhudumia wazee, iliyowavuta Waafrika wengi baada ya janga la korona, nayo ilibadilika. Kuanzia Machi 11, 2024, wahudumu wapya walizuiwa kuleta wenza na watoto. Julai 22, 2025, Uingereza ikafunga kabisa uajiri mpya wa wahudumu hao kutoka nje. Muuguzi aliyesajiliwa yuko kwenye fungu jingine: yeye bado anaweza kwenda na familia yake, na familia hiyo inasamehewa ada ya huduma za afya inayotozwa wahamiaji wengine.

Mfanyakazi mwenye ujuzi anayedhaminiwa na mwajiri pia anaweza kwenda na mwenza wake. Hapa sharti la fedha si kubwa sana: pauni 285 kwa mwenza, 315 kwa mtoto wa kwanza na 200 kwa kila mtoto anayefuata, zikiwa zimekaa benki siku 28 mfululizo, isipokuwa mwajiri akiandika kwamba atawagharamia. Ugumu uko kwenye kuipata kazi yenyewe, maana tangu Julai 2025 mshahara wa chini wa kawaida kwa viza hiyo ni pauni 41,700 kwa mwaka.

Mlima wa pauni 29,000

Kundi jingine ni la wale ambao mwenza wao tayari ni raia wa Uingereza au ana ukazi wa kudumu. Hawa hukutana na sharti la kipato. Hadi mapema mwaka 2024 aliyeko Uingereza alitakiwa kuwa na mshahara wa pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 11, 2024 kiwango kikapanda hadi pauni 29,000.

Pigeni hesabu. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025 kwa watu wa miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, mwaka mzima, hafikii hata pauni 25,500. Ili avuke 29,000 kwa kima hicho, lazima afanye kazi zaidi ya saa 45 kila wiki. Ndiyo maana utasikia shemeji yuko Uingereza, ana kazi na hakosi kutuma fedha nyumbani, lakini mkewe bado yuko Tanga.

Kipato cha mwenza aliyeko nyumbani hakihesabiwi katika maombi ya mwanzo. Hata kama mke ana duka kubwa Kariakoo linaloingiza zaidi ya mshahara wa mumewe, fedha hiyo haiongezwi kwenye kipato cha mume. Akiba inaweza kusaidia, lakini ni nzito: asiye na kipato kabisa anatakiwa kuwa na pauni 88,500 zilizokaa angalau miezi sita mikononi mwao.

Kisha kuna gharama. Ada ya maombi inakaribia pauni 2,000 au kuzidi kidogo, kwa kuwa hupandishwa mara kwa mara. Ada ya huduma za afya ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na kwa viza ya kwanza ya mwenza, ya miezi 33, jumla yake ni pauni 3,105. Hulipwa yote kwa pamoja, kabla ya majibu. Ada ya afya hurudishwa maombi yakikataliwa, lakini ada ya maombi ikishashughulikiwa hairudi.

Kuna pia mtihani wa Kiingereza cha awali, kusikiliza na kuzungumza. Wakenya wengi hushangaa hapa, kwa kuwa wamesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Kenya na Tanzania hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanasamehewa mtihani huo. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuitumia badala ya mtihani, baada ya kuithibitisha. Na kwa viza inayozidi miezi sita, waombaji kutoka nchi zetu hupimwa kwanza kifua kikuu katika kliniki inayotambuliwa. Cheti chake hudumu miezi sita, kwa hiyo msikimbilie kupima kabla nyaraka nyingine hazijakamilika.

Ujerumani: somo la lugha kwanza

Ujerumani inachukua vijana wengi wa Afrika Mashariki sasa, na Septemba 2024 Kenya ilisaini nayo mkataba wa uhamiaji na ajira. Kwa wanandoa, kizingiti cha kwanza huwa lugha. Mwenza anayemfuata mwenzake kwa kawaida anatakiwa kuonyesha cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1 kabla ya kupewa viza. Mtihani una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Goethe-Institut ina vituo Dar es Salaam na Nairobi, na alama za kufaulu ni 60 kwa 100.

Wapo wanaosamehewa. Mwenza wa mwenye Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, ile ya wataalamu wenye shahada na mshahara mzuri, hatakiwi kuonyesha cheti hicho kabla ya safari.

Kwa aliyekwenda kujifunza ufundi au uuguzi kwa mfumo wa kusoma huku akifanya kazi, kikwazo mara nyingi ni posho. Ili familia imfuate, lazima aonyeshe kwamba anaweza kuitunza bila kutegemea msaada wa serikali, na posho ya mwanafunzi ni nadra kutosha kwa watu wawili, sembuse na mtoto. Mpango wa kweli kwa familia kama hiyo ni kusubiri amalize mafunzo, ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Ni vyema mkaijua miaka hiyo mapema, mkaikubali au mkaikataa.

Huku jirani, kwenye Ghuba, hesabu ni ya mshahara pia. Falme za Kiarabu humtaka mfanyakazi awe na dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba, ili adhamini familia. Dada wa kazi za ndani anayelala kwa mwajiri wake hana njia hiyo. Aliyeacha watoto nyumbani atawaona akija likizo.

Cheti cha ndoa na majina

Ofisa wa viza hakuwepo siku ya harusi. Hajui kwamba mahari ilipokelewa, wazee walikaa na mtaa mzima ukala pilau. Anachokiona ni karatasi.

Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za dini, za serikali na za kimila. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, inazitambua ndoa za Kikristo, za serikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Kutambuliwa huko hakukupi kitu cha kuambatanisha kama ndoa haikusajiliwa. Kama mlifunga ndoa ya kimila miaka kumi iliyopita mkaishia hapo, anzeni sasa kuisajili: kwa Tanzania kupitia RITA, kwa Kenya kwa msajili wa ndoa.

Majina nayo huchelewesha watu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaisha, cheti cha shule kinasema Aisha, kitambulisho cha taifa kina jina la babu, na pasipoti ina jina la mume. Sahihisheni tofauti hizo kisheria, kwa hati ya kubadili au kuthibitisha jina, mkiwa bado nyumbani na mnaweza kwenda ofisini kwa miguu yenu.

Kwa wenye wake zaidi ya mmoja, Uingereza na Ujerumani hazimpi mke wa pili viza ya kuungana na mume ambaye tayari anaishi huko na mke mwingine. Jambo hili lizungumzwe na wote wanaohusika. Asije mke mmoja akalijua akiwa dirishani ubalozini.

Kuthibitisha kwamba mnaishi kama wanandoa

Cheti peke yake hakitoshi. Ofisa anataka kuona ndoa hai: risiti za fedha mlizotumiana, tiketi za likizo, picha na familia za pande zote mbili, mawasiliano ya muda mrefu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hifadhini vitu hivi tangu mwanzo. Simu ikiibwa na picha zote zimo humo, mmepoteza ushahidi wa miaka.

Msithubutu kujaza pengo kwa kughushi. Karatasi ya mshahara au taarifa ya benki ya uongo ikigundulika, Uingereza inaweza kukufungia mlango hadi miaka 10. Wakala anayewaambia atawatengenezea nyaraka hatafungiwa yeye. Mtafungiwa ninyi.

Watoto hukua wakati karatasi zinasubiri

Mtoto ana saa yake. Uingereza humhesabu kuwa tegemezi kabla hajatimiza miaka 18. Ujerumani, kwa kawaida, mtoto aliyefikisha miaka 16 ambaye hahami pamoja na wazazi hukutana na masharti magumu zaidi ya lugha. Familia iliyomwacha kijana wa miaka 14 kwa bibi ili wamfuate baadaye haina muda mwingi kama inavyodhani.

Na kama ni mzazi mmoja tu anayeishi Uingereza, mara nyingi atalazimika kuthibitisha kwamba yeye ndiye mwenye wajibu wote wa malezi. Wazazi waliotengana wasikilize hapa: ridhaa ya maandishi au amri ya mahakama kuhusu mtoto ni bora ipatikane mapema, mkiwa bado mnasikilizana.

Ndoa ikiyumba huko

Hili watu huona aibu kuliuliza. Mwenza aliyekwenda kwa viza ya kumfuata mwenzake, hali yake imefungwa kwenye ndoa hiyo. Ikivunjika, kibali chake Uingereza kinaweza kufupishwa. Ujerumani, haki ya kubaki peke yake kwa kawaida huja baada ya kuishi huko kama wanandoa kwa miaka mitatu.

Lakini kipigo si sharti la viza. Nchi zote mbili zina njia ya kumlinda mwenza anayenyanyaswa ili asilazimike kuvumilia kwa kuogopa kurudishwa. Mke au mume anayetishiwa kwamba "nikipiga simu moja tu utarudishwa kwenu" ajue kwamba sheria haiko upande wa mtishaji. Na pasipoti yake akae nayo mwenyewe.

Kaeni mezani kabla ya safari

Zimeni televisheni jioni moja, watoto wakilala, mjibu maswali haya kwa maandishi:

1. Viza hii inaruhusu mwenza na watoto? Jibu litoke kwenye tovuti ya serikali ya nchi husika, si kwa wakala wala kwa rafiki aliyekwenda mwaka 2022.

2. Kama hairuhusu, tutakaa mbali kwa muda gani, na nani atakuwa anakwenda kumwona mwenzake?

3. Kipato kinachotakiwa ni kiasi gani, na kazi anayoiendea inakifikia?

4. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vipo, na majina yanafanana?

5. Nani atamlea kila mtoto, na mtoto huyo atakuwa na miaka mingapi siku tutakayoungana?

6. Tukifika tarehe tuliyopanga na mlango bado umefungwa, aliyetangulia anarudi, au tunaongeza muda?

Swali la sita ndilo gumu, na ndilo wengi hulikwepa. Sheria za uhamiaji hubadilika, wakati mwingine ndani ya mwaka mmoja, na hakuna wanandoa wanaoweza kuzizuia. Wanachoweza ni kukubaliana mapema kikomo chao kiko wapi. Wakiandika tarehe, anayebaki nyumbani atajua anasubiri hadi lini, na anayeondoka atajua kuna siku atadaiwa jibu.